Mpiga Tarumbeta Hakuomba Radhi

Mtaa ule haukuamshwa na jogoo, uliamshwa na cherehani. Kabla jua halijafika madirishani, mama yake Kidoti alikuwa ameshakaa chumba cha mbele, miguu kwenye kanyagio, na mlio wa cherehani ukatoka mpaka barabarani. Mwenye duka la jirani alizoea kusema, "Fundi akiugua, sote tutachelewa kazini."

Kidoti naye alikuwa na zamu yake. Alizipiga pasi nguo zilizokwisha, akazikunja, akazipeleka kwa wenyewe akiwa njiani kwenda shule. Jina hilo la Kidoti alipewa kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake, kama nukta ambayo mwandishi ameiweka mahali pasipostahili. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na kipaji ambacho mama yake alikiita ugonjwa: hakuweza kumwona mtu asimwigize. Akishika suruali ya mwenye duka, alitembea kama mwenye duka, tumbo mbele. Akishika gauni la mke wa daktari, alibinua midomo na kuuliza kwa sauti nyembamba, "Fundi, mbona kiuno kimepungua?"

"Kiuno hakijapungua, yeye ndiye aliyeongezeka," mama alijibu, kisha akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. "Haya, nenda! Na hiyo ni kola, si sikio la mbuzi. Usiivute."

Ijumaa moja, mwalimu wao wa Kiswahili aliingia darasani na projekta ya kuazima. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kupiga kelele darasani na kwa hiyo alisikilizwa. Waliziba madirisha kwa magunia, wakatundika shuka nyeupe ukutani. Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, na picha zake zilicheza kana kwamba mvua inanyesha ndani yake. Mwanzoni wanafunzi walicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

Ilikuwa habari ya mpiga tarumbeta katika bendi ya mji mdogo. Mji ule ulijenga daraja, na mdogo wa mpiga tarumbeta, aliyekuwa mwashi, aliteleza akiwa kazini akazama mtoni. Siku ya kulifungua daraja ilipokaribia, wakubwa wa mji walitaka bendi ipige wimbo wa shangwe, watu wavuke wakicheza. Mpiga tarumbeta alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe, wa polepole, wenye noti chache. Alimwendea kiongozi wa bendi siku moja kabla ya sherehe, akamwambia, "Siwezi kupiga shangwe pale alipozama mdogo wangu, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Tuanze na wimbo wake, kisha tushangilie." Kiongozi akajibu, "Piga kama wenzako, au vua koti." Mpiga tarumbeta akalivua koti la bendi, akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

Kesho yake mji mzima ulivuka daraja ukicheza. Walipokwisha kupita, akaja yeye, peke yake, na shati tu. Akasimama katikati ya daraja, akapiga wimbo wake. Watu waligeuka, wakamtazama, lakini hakuna aliyerudi. Akamaliza, akavuka upande wa pili, akaenda zake. Hapo shuka ikawa nyeupe.

Magunia yalipoondolewa, wanafunzi walikuwa wanapepesa macho kwa mwanga. Kidoti hakupepesa. Alikuwa bado anaitazama shuka.

"Tutaiigiza," mwalimu alisema. "Kwenye mashindano ya shule."

Hakukuwa na ubishi juu ya nani awe mpiga tarumbeta. Tarumbeta lenyewe walilitengeneza kwa mpira wa maji walioukunja na faneli waliyoichomeka mwishoni, wakalipaka rangi ya dhahabu. Wengi walijaribu kulipuliza na kutoa sauti ya ng'ombe mwenye mafua. Kidoti alifanya mazoezi mpaka midomo ikavimba, na mwishowe akaweza kuutoa ule wimbo wa polepole, noti baada ya noti. Kiongozi wa bendi aliigizwa na kiranja wa darasa, mvulana wa kifua mbele aliyependa kutoa amri hata pasipo na haja. Na rafiki yake Kidoti, mvulana mrefu mwembamba waliyemwita Ufito, alikuwa mmoja wa wanabendi.

Mazoezi yalikwenda vizuri. Mama alikubali kushona makoti ya bendi kwa mapazia ya zamani ya shule, akachukua vipimo vya kila mtoto huku akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi mikono yao haina mwisho.

Zikiwa zimebaki siku chache, Makamu akaja kuwatazama. Alikuwa makamu wa mwalimu mkuu, mtu wa nidhamu, mwenye viatu vilivyosikika kabla yake. Alikaa kiti cha nyuma ukumbini, mikono kifuani. Alitabasamu mahali pa kutabasamu. Lakini mwisho ulipofika, Kidoti alipovuka daraja peke yake na kutokomea nyuma ya pazia, Makamu hakupiga makofi. Alingoja.

"Basi?" aliuliza. "Ndiyo imekwisha hivyo?"

"Ndiyo, Makamu," mwalimu wa Kiswahili alijibu. "Filamu ndivyo inavyokwisha."

"Filamu imekwisha zamani, mwalimu. Mashindano ni Jumamosi." Makamu alisimama, akawageukia wanafunzi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililofanya maneno yake kuwa mazito zaidi. "Mwaka jana shule yetu ilishika mkia. Nilikuwepo. Mlizomewa mpaka mlipopanda gari, na wadogo wakalia njia nzima. Sitaki kuliona tena jambo lile. Watu wanakuja kufurahi, nanyi mnawaonyesha mtu anayeondoka kama mbwa aliyefukuzwa. Tena mnafundisha nini? Kwamba mtu akiambiwa afanye na wenzake, akatae?" Akatikisa kichwa. "Badilisheni mwisho. Arudi, aombe radhi, avae koti lake, bendi nzima ipige wimbo wa shangwe, na watoto wa madarasa ya chini wapande jukwaani wacheze. Hapo tutashinda."

Darasa lilishangilia. Wazo la watoto kucheza jukwaani liliwapendeza. Mwalimu wa Kiswahili alifungua mdomo, akamtazama Makamu, akaufunga. Kisha akachukua kalamu, akaandika maneno mapya, akampa Kidoti karatasi.

"Jaribu," alisema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Kidoti alisimama mbele ya kiranja aliyeshika koti. Akasoma, "Nisameheni, wazee wangu. Nilipotoka. Nirudishieni..." Akaanza upya. "Nisameheni, wazee wangu. Nilipotoka..." Ulimi ukagoma, kama punda aliyeona maji.

"Endelea," Makamu alisema.

"Samahani, Makamu. Alipotoka wapi?"

Wengine walicheka wakidhani anatania. Makamu hakucheka.

"Unaniuliza mimi?"

"Silijui kosa lake, Makamu. Nikimwombea radhi nasikia kama namsingizia. Alitaka tu mdogo wake akumbukwe."

Wote wakamtazama Makamu, kama darasa ambamo mtu mmoja ameshavunja kitu na wote wanasubiri kusikia bei yake.

"Mtoto mzuri," Makamu alisema polepole, "hapa hatushindani na filamu, tunashindana na shule nyingine. Kesho asubuhi njoo ofisini uniambie kama utayasema maneno hayo au la." Na viatu vikatoka, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa ukumbi.

Alipotoka tu, kiranja alilitupa koti kwenye kiti. "Unajifanya nani wewe? Unadhani filamu ile ilitengenezwa kwa ajili yako?"

"Sijifanyi mtu."

"Wote tumekubali! Penye wengi hapaharibiki neno, hujui?"

"Na wengi wakikosea?"

"Wewe peke yako ndiye hukosei? Unataka kuonekana tu. Unataka ubaki peke yako jukwaani, watu wakutazame wewe!"

Maneno hayo yalimchoma Kidoti kuliko yote, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba ni ya uongo. Alipenda kusimama pale katikati. Ni nani asiyependa? Siku ile alasiri, alipoketi kwenye dawati, wasichana wawili aliokaa nao tangu mwaka ulipoanza walichukua madaftari yao wakahamia nyuma. Alipoomba rula, hakuna aliyesikia. Na waliporudi kutoka mapumziko, mtu alikuwa ameandika ubaoni kwa herufi kubwa: TARUMBETA MOJA HALIFANYI BENDI. Mwalimu wa hesabu aliyafuta maandishi hayo bila kuuliza, lakini kila mtu alikuwa ameshasoma.

Ufito alimngojea langoni. Alitazama huku na huku kwanza, jambo ambalo Kidoti aliliona na halikumfurahisha.

"Sikiliza," Ufito alinong'ona. "Unajitesa bure. Mwambie Makamu ndiyo. Fanya mazoezi ya mwisho wao mpaka Ijumaa, omba radhi kama kuku, piga magoti ukitaka. Jumamosi ukiwa jukwaani, fanya ule wa filamu. Vuka daraja, nenda zako. Nani atapanda kukushusha mbele za watu?"

Kidoti alihisi mzigo ukimtoka kifuani. Mbona rahisi hivyo! Angesema ndiyo, wenzake wangerudi dawatini, na mpiga tarumbeta naye angebaki kama alivyo. Alitembea mpaka nyumbani akiirudia hila ile moyoni kama mtu anayelamba sukari.

Nyumbani alimkuta mama amelishika koti la mpiga tarumbeta, la bluu, lenye vifungo vya njano.

"Vaa. Inua mkono. Shusha. Mbona umenyamaza? Leo hujamwigiza hata mtu mmoja. Unaumwa?"

"Siumwi." Kidoti alikiangalia kifungo kimoja. "Mama, mtu akikubali jambo kwa mdomo, halafu akafanya jingine lililo bora zaidi, ni vibaya?"

Mama alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, maana aliona swali si la pini. "Inategemea nani amesimama akingojea hilo alilolikubali. Bibi harusi akiniambia nimshonee gauni jekundu, nami naona halimfai, namwambia siku ya kupima. Atanuna, pengine atakwenda kwa fundi mwingine. Lakini nikisema 'ndiyo mwanangu', halafu siku ya harusi nikamtolea la bluu kwa sababu mimi najua kupendeza... Hata likipendeza vipi, mwanangu, siku hiyo nitafute chini ya kitanda."

Kidoti alicheka, lakini kicheko kikafia njiani. Akaiona Jumamosi machoni. Alimwona kiranja amesimama na koti mkononi, akingoja mtu ambaye haji. Aliwaona watoto wa madarasa ya chini wamejipanga nyuma ya pazia, midomo wazi, hawajui waingie au wasiingie, na ukumbi mzima ukiwacheka. Mwaka jana walilia njia nzima.

Kisha akamkumbuka mpiga tarumbeta. Yule hakumvizia mtu. Alikwenda kwa kiongozi wake siku moja kabla, akayasema ana kwa ana, akalikunja koti, akaliweka mezani. Kidoti alikuwa ameiigiza sehemu ile mara nyingi na hakuwahi kuuona uzito wake.

"Mama," alisema, "huenda koti hili litavaliwa na mtu mwingine."

Mama alimtazama, akavuta kiti. "Nieleze." Na Kidoti akaeleza yote, hata hila ya Ufito, hata jinsi alivyoipenda njia nzima. Mama hakumkemea wala hakumsifu. Alisema tu, "Basi acha nisikaze mishono ya begani. Nitaikaza nikishamjua mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Kidoti hakumwigiza mtu. Alizipeleka nguo, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi. Akabisha.

"Shikamoo, Makamu."

"Marahaba. Umekuja kusema ndiyo."

"Nimekuja kusema hapana, Makamu. Lakini nimekuja kusema mapema."

Makamu aliiweka kalamu chini. "Unajua kwamba nitampa mwingine nafasi yako."

"Najua."

"Na hutapanda jukwaani Jumamosi."

Alikuwa amelijua hilo, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulisikia ni kingine. "Najua, Makamu."

"Sasa umekuja kufanya nini hapa? Kuniaga?"

"Kuomba nimfundishe atakayenirithi. Ile sehemu ya mwanzo ni ngumu, na wenzangu wasizomewe tena. Mimi nitafanya kazi nyingine yoyote. Ila kusema kwamba amekosa, sitaweza kulisema kwa moyo, na nikisema bila moyo watu watajua."

Makamu aliichukua tena kalamu yake. "Nenda darasani," alisema hatimaye, na haikujulikana kama amekasirika au la.

Nafasi akapewa Ufito.

"Mimi sikuomba," Ufito alimwambia, uso chini.

"Najua hukuomba. Njoo, simama hapa. Usitembee kama unakimbilia foleni. Huyu mtu amefiwa. Kila hatua anaisikia."

Akamfundisha. Alimfundisha jinsi ya kuvua koti polepole, mkono mmoja kwanza, na jinsi ya kulikunja bila kuliangalia. Tarumbeta la mpira lilimshinda kabisa. Kila alipopuliza, ng'ombe mwenye mafua alirudi. Wakamtengenezea jingine la karatasi ngumu la kushika tu, maana katika mwisho mpya bendi yote ilikuwa inaimba, na la mpira likawekwa nyuma ya pazia. Kidoti alipewa kazi ya kuchora daraja kwenye shuka. Wenzake walimpita na makopo ya rangi bila kumsemesha. Siku moja, akichora maji ya mto, machozi yalimtoka yakadondokea kwenye rangi ya bluu, akayachanganya humohumo kwa brashi, akaendelea. Alitamani kuwa pale katikati. Alitamani sana. Kwa nini basi hakuweza tu kusema yale maneno machache? Alijiuliza mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: kwa sababu yule mtu hakuyasema.

Siku mbili kabla ya mashindano, walicheza mbele ya madarasa ya chini ili kujipima. Ukumbi ulijaa watoto waliokaa sakafuni. Makamu alikaa mbele, mwalimu wa Kiswahili pembeni yake. Kidoti alisimama nyuma ya pazia, kazi yake kuvuta kamba.

Igizo lilianza vyema. Mwashi alipozama, watoto walishika midomo. Ufito alipolivua koti, mkono mmoja kwanza, watoto wa mbele walinyoosha shingo. Kisha ukaja mwisho mpya. Ufito alirudi, akapiga magoti. "Nisameheni, wazee wangu. Nilipotoka. Nirudishieni koti langu." Kiranja akamvisha. Wimbo wa shangwe ukalipuka, watoto wakaingia wakicheza, na pazia likafungwa. Makofi yalipigwa, si haba, na waigizaji wakatoka kusimama mbele ya pazia.

Makamu alisimama akisugua mikono. "Mmependa?"

"Ndiyooo!"

"Nani ana swali?"

Mkono mmoja uliinuka mbele kabisa. Alikuwa msichana mdogo wa darasa la pili, mwenye pengo la meno mawili. "Yule wa tarumbeta, kwa nini ameomba msamaha? Aliiba?"

Watu walicheka. "Hapana, hakuiba," Makamu alisema.

"Alimpiga mtu?"

"Hakumpiga mtu."

"Sasa alifanya nini?"

Makamu alifungua mdomo. Alitafuta, Kidoti alimwona kupitia upenyo wa pazia, alitafuta kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Kisha akamgeukia Ufito. "Wewe ndiye uliyemwigiza. Mjibu mwenzako."

Ufito alikuwa bado amevaa koti. Jasho lilimtiririka. Aliwatazama wenzake, akamtazama kiranja, akalitazama pazia ambako alijua Kidoti amesimama.

"Sijui, Makamu," alisema. "Nayasema tu kwa kuwa yameandikwa. Sijui amekosa nini."

"Na yule mdogo wake aliyezama," mtoto akaendelea, maana hakuna aliyekuwa amemwambia aache, "wamemsahau?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kiranja aliinamisha kichwa akaanza kuchezea kifungo. Hapo mwalimu wa Kiswahili akasimama, na sauti yake ya chini ikafika kila kona.

"Makamu, ningepaswa kusema siku ile nikanyamaza. Nakuomba sasa. Tuwaonyeshe watoto mwisho wa filamu, kisha wewe uamue."

Makamu alikaa. Alikaa polepole, kama mtu aliyebeba kitu. "Haya. Tuone."

Ufito alikimbilia nyuma ya pazia akianza kulivua koti. "Chukua, mwenyewe. Ni lako."

Kidoti aliunyoosha mkono. Vidole viligusa kitambaa alichokijua tangu kilipokuwa pazia. Kisha akaurudisha. "Umejifunza sehemu yote. Imalize wewe."

"Siwezi kulipuliza!"

"Nitalipuliza mimi, kutoka huku. Wewe tembea tu. Na usikimbie."

Pazia likafunguka. Bendi ilivuka ikicheza, ikapita. Daraja likabaki tupu. Kisha Ufito akatoka, na shati tu, akatembea mpaka katikati, akainua tarumbeta la karatasi. Nyuma, gizani, mahali ambapo hakuna jicho lililomwona, Kidoti alifumba macho akapuliza. Noti ya kwanza ilitetemeka, ya pili ikasimama imara. Wimbo ule wa polepole ulitoka ukapita juu ya vichwa vya watoto, ukaufikia ukuta wa nyuma, ukarudi. Ufito alishusha tarumbeta, akavuka, akaenda zake.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mdogo mwenye pengo alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sare yake. Makamu alikohoa, akatoa leso, akasema kwa sauti isiyo yake, "Fanyeni huo."

Jumamosi, kwenye ukumbi mkubwa, watu nao hawakupiga makofi mara moja. Ulipita ukimya mrefu mpaka kiranja, aliyekuwa amesimama karibu na Kidoti nyuma ya pazia, akanong'ona, "Tumekwisha." Kisha mtu mmoja akapiga, na mwingine, na ukumbi ukainuka. Hawakuwa wa kwanza. Jaji mmoja alisema mwisho ule ni wa huzuni mno kwa watoto, na shule iliyoleta ngoma na vichekesho ikachukua kombe. Wao walikuwa wa tatu. Lakini hakuna aliyewazomea, na ndani ya gari wadogo waliimba mpaka wakalala.

Kabla ya kushuka, kiranja alimsogelea Kidoti. "Yale maandishi ya ubaoni ni yangu," alisema harakaharaka. "Na lile neno kwamba unataka kuonekana... Leo hakuna aliyekuona hata kidogo." Kidoti alicheka. Jumatatu asubuhi wasichana wawili walirudi kwenye dawati lake na madaftari yao, na mmoja akamwazima rula bila kuombwa.

Siku hiyohiyo Makamu alisimama mbele ya shule nzima.

"Nilitaka tushinde," alisema, "na kutaka kushinda si kosa. Kosa langu ni kwamba nilitaka kumsemesha mtu maneno ambayo hayakuwa yake, ili watu wafurahi. Kazi ya mkono wako, iwe igizo, iwe picha, iwe insha, ukiitia uongo ili upigiwe makofi, makofi hayo ni ya mtu mwingine. Mmoja wenu aliliona hilo kabla yangu."

Kidoti alitazama viatu vyake.

"Lakini sikilizeni vizuri, msije mkatoka hapa kila mmoja akikataa kufagia darasa eti yeye ni mpiga tarumbeta." Shule ikacheka. "Kukataa tu ni rahisi, hata mbuzi hukataa. Huyu hakunificha, hakunizunguka. Alikuja akaniambia mapema, machoni, akijua atakachopoteza. Alipokipoteza hakususa. Alimfundisha mwenzake, akachora daraja, akavuta kamba. Mtu akisimama peke yake namna hiyo, hajawatupa wenzake. Anawangojea."

Alikohoa. "Haya. Madarasani. Na nani ameacha makopo ya rangi ukumbini?"